Nani Atamshika Mtoto?

Katika kadhia zinazozungumzwa siku hizi na watu wa mijini kana kwamba zimezuliwa jana, mojawapo ni hii ya mtu kufanya kazi ya ujira akiwa nyumbani kwake, huku wanawe wadogo wamemzunguka, mmoja akilia, mwingine akiuliza, na wa tatu amenyamaza kimya cha kutia shaka. Waajiri huisifu kwa kuwa inawapunguzia kodi ya ofisi. Waajiriwa huisifu kwa kuwa inawaondolea adha ya daladala. Na wako wanaoamini kwamba imeleta suluhu baina ya riziki na malezi, mambo mawili ambayo tangu zamani yamekuwa yakigombea saa zilezile za mchana. Mimi nakaa Lushoto, juu ya milima ya Usambara, mahali ambapo kazi ya nyumbani haikungoja kompyuta ije, na rai yangu naiweka wazi mapema ili msomaji asipoteze wasaa wake kuitafuta: hakuna mzazi awezaye, kwa saa moja na ile ile, kufanya kazi inayodai akili yake yote na kumlea mtoto asiyejua hatari, na kila palipoonekana kwamba jambo hilo limewezekana palikuwa na mikono mingine iliyomshika mtoto, mikono ambayo haikulipwa wala haikutajwa, na aghalabu ilikuwa ya mtoto mwenzake.

Msomaji ambaye hajapata kuipanda barabara itokayo Mombo, ikipinda kando ya maporomoko hadi Soni na kisha Lushoto, na afahamu kwanza namna nchi hii ilivyokaa. Wasambaa wa kale walijenga vijiji vyao juu, katika baridi, wakavizungushia migomba, na migomba hiyo ikawa ndiyo ghala lao, kivuli chao na ua wao. Lakini sehemu ya nafaka yao waliilima mbali, wengine wakateremka hata nyikani chini ya milima, penye joto na mbu, mahali ambapo hakuna aliyependa kulala na mtoto mchanga. Kwa hiyo mke wa Kisambaa alikuwa na kazi za namna mbili: ile ya migombani, aliyoifanya huku akiisikia sauti ya mwanawe, na ile ya mbali, isiyofanyika ila awepo mtu wa kuachiwa mtoto. Na mtu huyo alikuwapo daima. Alikuwa bibi mzaa baba aliyekaa kizingitini, au mke mwenza, au wifi, na mara nyingi kupita wote alikuwa binti wa miaka saba au minane, aliyefungwa mdogo wake mgongoni kwa mbeleko, akacheza naye, akambembeleza, akampeleka kwa mama anyonye na kumrudisha. Tunapojisifu kwamba bibi zetu walilima na kulea kwa wakati mmoja, na tunapowalaumu wake zetu kwamba wameshindwa na jambo jepesi, tunamsahau binti yule.

Serikali nazo zilimsahau. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza, ilipoona udongo wa bonde la Mlalo ukisombwa na mvua, ilianzisha huko mpango wa kuihifadhi ardhi, ambao baadaye ulienezwa katika sehemu nyingine za Usambara, na amri yake iliyochukiwa kupita zote ilikuwa ile ya kuchimba matuta katika mashamba ya mteremko. Mmomonyoko ule haukuwa uzushi, na sioni sababu ya kuwadhania ubaya mabwana shamba wote wa zama zile. Lakini jembe lilikuwa mkononi mwa nani? Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta ujira. Mzigo wa matuta ukawaangukia wanawake, juu ya kulima, kupika, kuchota maji na kunyonyesha, na wale waliopima urefu wa matuta hawakupima saa za mama, wala hawakuuliza mtoto atakuwa kwa nani muda wote ule mama anapochimba. Watu wakanung'unika, kisha wakakataa, na wanawake hawakuwa nyuma katika kukataa, hata miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha mpango ule ukaachwa.

Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, uliojulikana na kila mtu hapa kwa herufi zake, SECAP, uliofadhiliwa na Wajerumani. Huu ulikuwa na adabu zaidi, na manufaa yake yanaonekana hata leo kwa mpita njia: miti mashambani, majani ya gwatemala yaliyopandwa katika kingo za makinga maji, na ng'ombe walioondolewa malishoni wakafungiwa mazizini. Maziwa yakapatikana karibu, samadi ikapatikana, na mteremko ukapumzika kukanyagwa na kwato. Ila ng'ombe aliyefungwa zizini hawezi kujitafutia. Lazima akatiwe majani, na majani hukatwa mbali na kuletwa kichwani, na vichwa hivyo kwa sehemu kubwa vimekuwa vya akina mama na mabinti zao. Ng'ombe alirudi nyumbani, na pamoja naye ikarudi kazi ambayo zamani ilikuwa ya mvulana mchungaji. Nimeitaja habari hii kwa kirefu kwa sababu naona kosa lile lile likinyemelea sasa: kazi ikisogezwa nyumbani, mtazamaji aliye mbali hudhani imepungua.

Leo hii, ukitembea katika vitongoji vya Lushoto asubuhi baada ya ukungu kuinuka, utawakuta wafanya kazi wa nyumbani wa kila namna, ingawa hakuna hata mmoja atakayejiita hivyo. Yupo mshonaji aliyeweka cherehani ukumbini. Yupo mpika maandazi aliyeamka saa kumi ya alfajiri. Yupo wakala wa fedha za simu aliyetoboa dirisha katika ukuta wa chumba chake, akawa anatoa na kupokea noti huku mtoto amelala miguuni pake. Wapo wanaochambua karoti na kabichi uani, kuzipanga katika viroba kabla lori halijashuka nazo kwenda Kariakoo. Na sasa wameongezeka wengine, wachache bado, lakini wanaongezeka: wahadhiri wa vyuo wanaosahihisha mitihani mezani pa chakula, vijana wanaofanyia kazi kampuni za Dar es Salaam au za ng'ambo kwa njia ya intaneti, wachapaji, wafasiri, na wahariri wa miswada, ambao miongoni mwao nami nimo.

Nami nina watoto wawili, mkubwa hajaanza shule, na mke wangu ni mwalimu ambaye hutoka mapema na kurudi alasiri. Mchana, basi, mlezi ni mimi. Jambo hili limewapa majirani zangu mashaka makubwa. Siku moja bibi mmoja, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe uliomfunika hata mabega, alisimama kunitazama nimekaa kibarazani saa nne asubuhi, kompyuta gotini na mtoto mwenye usingizi begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo unaumwa?"

Nikamjibu kwamba sijambo, niko kazini. Akacheka kicheko cha huruma. "Kazi gani hiyo ya kukaa na mtoto?" Akaenda zake na mzigo wake, yeye ambaye kwa umri wake sina shaka amelea wana na wajukuu katika kila kazi aliyopata kuifanya. Sikuudhika. Nilichokiona ni kwamba laiti mke wangu ndiye aliyekuwa amekaa pale, na mtoto begani na kazi gotini, bibi yule angempa salamu na kupita, kwa kuwa asingeona ajabu yoyote.

Sasa nataka kueleza tofauti moja ambayo naiona ni kiini cha kadhia yote, na ambayo watu wanaosifu kazi za nyumbani huiruka. Ziko kazi zinazokubali kukatizwa, na ziko zisizokubali. Mtu anayepalilia migomba akisikia mtoto analia hutupa jembe, huenda, hunyamazisha, hurudi, na gugu alilokuwa akiling'oa linamngoja palepale. Hasara yake ni dakika. Mtu anayechambua karoti vivyo hivyo. Mshonaji yuko katikati: akikatizwa wakati wa kupima nguo hasara yake ni ndogo, akikatizwa wakati sindano inakwenda huenda akaharibu kitambaa cha mwenyewe au akajichoma kidole. Wakala wa fedha za simu akikatizwa wakati wa kuhesabu hulipa kosa kutoka mfukoni mwake. Ama kazi ya kuandika, kuhesabu, kufasiri au kusahihisha haina kumbukumbu nje ya kichwa cha mwenye kuifanya; ukiondoka dakika tatu kumfuta mtoto makamasi, unarudi kukuta sentensi uliyokuwa umeanza kuitengeneza imekwisha kukusahau, na huna budi kuanza upya kutoka ukurasa wa juu. Na mkutano wa mtandaoni ndio usiokubali kabisa: pale mwajiri anakusikia, mtoto anakusikia, na kila mmoja wao anaamini kwamba saa ile ni yake peke yake. Kwa hiyo si haki kumwambia mwanamke wa leo kwamba bibi yake aliweza. Bibi yake alikuwa na kazi za aina ya kwanza na mikono ya ziada, naye anapewa kazi za aina ya pili bila mikono hiyo.

Mtoto naye ana hoja yake, ingawa hana ulimi wa kuitoa. Huku kwetu nyumba hazijengwi katika tambarare; ua wa jirani uko chini ya ua wako, na baina ya nyua hizo pana mteremko ambao mtoto anayejifunza kutembea hauoni kuwa ni hatari. Miezi ya Juni na Julai baridi huwaingiza wote chumbani, na pamoja nao huingia jiko la mkaa, ambalo lina madhara ya namna mbili, ya moto unaoonekana na ya hewa isiyoonekana. Mzazi ambaye macho yake yako katika kioo cha kompyuta yupo na hayupo. Na hata pasipotokea ajali, mtoto wa miaka miwili anayezungumza akajibiwa "ngoja" mchana kutwa hujifunza mapema kutozungumza. Kwa kuukwepa ubaya huo wazazi wengi wamechagua ubaya mwingine: mchana wanalea, usiku mtoto akilala ndipo wanapoanza kazi, wakaendelea hadi saa nane, wakaamka saa kumi na mbili na macho mekundu. Mpango huo nimeujaribu, na namshauri kila mwenye afya aihifadhi.

Mwaka 2020 taifa zima lilionjeshwa jambo hili kwa miezi mitatu na siku kadhaa. Katikati ya mwezi Machi, baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini, shule zilifungwa, na hazikufunguliwa zote hadi mwishoni mwa Juni. Wafanya kazi waliorudishwa nyumbani waliwakuta wana wao wako nyumbani tayari. Nilitaraji kwamba baada ya mtihani ule waajiri na serikali wangekaa kitako kulizungumza suala la mikono, kwa kuwa kila mtu, hata mkurugenzi, alikuwa ameliona mwenyewe. Badala yake, maradhi yalipopungua, kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni kwamba kazi inaweza kufanywa nyumbani. Kwamba ilifanywa vibaya na kwa machozi, hilo likasahauliwa.

Nirudi kwa binti yule wa mbeleko, kwa maana bila yeye hesabu haikamiliki. Tangu Januari 2016 ada zilipoondolewa katika shule za serikali, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, watoto wengi waliokuwa wakibakizwa nyumbani wamekwenda darasani, na miongoni mwao wamo mabinti ambao zamani wangekuwa walezi wa wadogo zao. Hilo ni jema, nami sitaki msomaji yeyote anifahamu kwamba nalijutia. Ninachosema ni kwamba nchi imeiondoa nguzo moja iliyokuwa imebeba paa, imefanya haki kuiondoa, na haijaweka nguzo nyingine. Wapo wanaoirudisha nguzo ile kwa siri: siku ya gulio ukiingia katika darasa lolote la vijijini utaona madawati matupu, na ukiuliza utaambiwa fulani amebaki na mtoto, mama kaenda sokoni. Bibi naye si yule wa zamani. Bibi wa miaka hamsini na mitano leo ana shamba lake, ana kikundi chake cha kuweka na kukopa, na pengine yuko Tanga au Dar es Salaam kwa binti yake mwingine, amekwenda kumlelea huko.

Kuna jambo jingine chungu zaidi, ambalo watu wa milima hii tunalijua na hatupendi kulisema barazani. Kwa miaka mingi mabinti wetu wa Lushoto, wengine hawajamaliza hata utoto wao, wamekuwa wakishushwa Mombo na kupandishwa mabasi kwenda mijini kuwa watumishi wa majumbani. Wale wanaofanya kazi nyumbani kwao huko Dar es Salaam, kwa utulivu, mlango umefungwa, mtoto akilishwa uji katika chumba cha pili, wengi wao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu katika chumba cha pili yupo binti aliyetoka katika milima kama hii. Ujira wake ni mdogo, saa zake hazina mwisho, na kazi yake haiitwi kazi. Basi milima inatoa mikono kwa ajili ya watoto wa wenzetu, na mama wa hapa aliyebaki hana wa kumshikia wake. Binti huyu naye, akirudi siku moja na mimba au na mtoto, atahitaji kufanya kazi, na mkono wa kumsaidia ataukosa kama mwingine yeyote. Sisemi haya kwa kuwachukia wanaomwajiri. Wengi humtendea wema. Nasema kwa kuwa sera yoyote ya kazi za nyumbani isiyomhesabu yeye ni hesabu ya uongo.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau mama kabisa, na yafaa isifiwe kwa kadiri inavyostahiki. Inampa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja; inampa baada ya hapo saa zisizozidi mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba hupewa siku zisizopungua tatu, kiasi ambacho kwetu huku humtosha kushuka mjini kununua mahitaji na kurudi. Lakini haki hizi zote zina sharti moja lililofichika, nalo ni kuwa na mwajiri. Mshonaji wa ukumbini, mchambua karoti, wakala wa dirishani, hawana. Na yule anayefanyia kazi kampuni ya ng'ambo kwa malipo ya kipande hana vilevile, kwani katika mkataba wake aghalabu huandikwa kuwa mfanyabiashara aliyejiajiri, hata kama kampuni hiyo inamwamuru saa ya kuamka. Tena saa zile mbili za kunyonyesha ziliandikwa kwa kumfikiria mama aliye ofisini na mtoto aliye mbali. Aliye na mtoto mchana kutwa mapajani ana shida iliyo kinyume: anazihitaji saa mbili za kuwa mbali naye, na hizo hazimo katika kitabu chochote cha sheria.

Nini basi kifanyike? Wako watakaosema mama na akae nyumbani alee, baba atafute. Huo ni usemi wa mtu ambaye hajapata kuona bajeti ya nyumba ya Kisambaa, ambamo fedha ya shule, dawa na sukari hutoka katika mikono miwili ya baba na miwili ya mama, na mara nyingi ile ya mama ndiyo huleta kwanza. Mimi napendekeza kitu cha kawaida sana, ambacho nchi hii imepata kuwa nacho: chumba kimoja katika kila kijiji, chenye walezi waliofunzwa, uji, maji, choo na uzio, kinachopokea watoto kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Katika miaka ya 1970, zama za vijiji vya ujamaa, vituo vya kulelea watoto mchana vilifunguliwa vijijini kwa wingi, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ukiwa miongoni mwa waliovisimamia, na mwaka 1981 Bunge likatunga sheria mahsusi ya kuviongoza. Vingi vilikufa fedha zilipokauka katika miaka iliyofuata, na watu wa rika langu wamekua wakidhani kwamba kituo cha malezi ni anasa ya watoto wa mjini wanaochukuliwa na basi la njano.

Tena sisi wa Usambara hatuna udhuru wa kukosa maarifa. Ubiri, kabla hujafika Lushoto mjini, masista wa Usambara wamekuwa wakiwafunza walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori. Irente, Kanisa la Kilutheri lina makao ambamo watoto wachanga hulelewa na mabinti hufunzwa ulezi. Maarifa ya kumlea mtoto wa watu kwa ustadi yanafundishwa katika milima hii hii, kisha wenye maarifa hayo wanashuka nayo kwenda kuyauza kwingine, kama kabichi.

Fedha je? Hapa ndipo mazungumzo ya vijiweni hukatikia, kwa hiyo nami nitasimama kidogo. Disemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ndani yake mahali pa kituo cha malezi panatambuliwa. Halmashauri nazo zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi huomba cherehani, kuku, mashine za kusaga. Hayo yote ni mema. Lakini sijasikia hapa kwetu kikundi kilichoomba mkopo wa kulea watoto, na nadhani hakuna aliyethubutu kwa kuwa kila mtu anaamini ulezi hauna mapato. Una mapato. Mama anayechambua karoti akiwa huru asubuhi nzima huchambua zaidi ya yule anayeinuka kila dakika kumi, na sehemu ya ziada ile, ikilipwa siku ya gulio fedha inapokuwapo mkononi, inaweza kumlipa mlezi. Asiye na fedha ataleta mahindi; mwenye ng'ombe zizini ataleta maziwa ya uji. Huko India chama cha wanawake waliojiajiri, SEWA, kilichoanzishwa Ahmedabad mwaka 1972 na Ela Bhatt, kiliona mapema kwamba wanachama wake, ambao wengi hufanya kazi ndani ya nyumba zao, hawatapanda kipato bila mahali pa kuweka watoto, na vituo vyao vya malezi vikaendeshwa kwa ushirika, na walezi wenyewe wakiwa wenye mali. Wanawake wale hawakuwa matajiri kuliko wa Mlalo au Bumbuli.

Mwajiri wa mbali naye asiachwe. Kampuni iliyofunga ofisi yake ya mjini na kuwatawanya watumishi wake majumbani imepata faida ya pango, umeme na maji, na gharama hizo zimehamia kwa mtumishi, pamoja na chumba chake, kiti chake na usingizi wake. Ni haki sehemu ya faida ile irudi kama posho ya malezi, na ni wajibu wa wizara inayohusika na kazi kuiandika haki hiyo, wala isiachwe iwe hisani ya mkurugenzi mwenye moyo mwema. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996, namba 177, unahusu wanaofanya kazi ya ujira majumbani mwao, na muradi wake ni kwamba watendewe kama wenzao wa viwandani na maofisini. Wabunge wetu watafanya jambo la maana wakiusoma.

Na sisi wanaume? Nimejifunza kwa kukaa kibarazani kwamba mtoto hana ubaguzi katika suala la nani amfute machozi. Ila sidanganyiki kwamba wanaume wa kijiji kizima watabadilika kwa sababu jirani yao mhariri anapika uji. Wamekwisha kuamua kwamba mimi naumwa. Zamu za kituo zinaweza kuwabadilisha zaidi. Mwanamume anayeona aibu kubeba mtoto wake mbele ya watu haoni aibu kubeba kuni za kituo, kuchimba choo chake au kukarabati uzio, kwa kuwa hizo ni kazi za kijiji, na akiwa pale wiki baada ya wiki watoto watamzoea, apende asipende.

Wala hatulazimiki kuingoja Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria huitishwa kila miezi mitatu, na ajenda zake tunazijua: barabara, maji, michango ya madarasa. Iongezwe moja, na maswali yake yawe ya wazi: ni chumba kipi cha kijiji kinachokaa kitupu mchana, ni akina nani wawili watakaopelekwa kufunzwa, kila kaya italeta nini na lini, ofisa ustawi wa jamii atakuja kukikagua kabla ya mwezi gani, na kikundi kipi kitaandika maombi ya mkopo. Mwenyekiti na auitishe mkutano huo saa nne asubuhi, siku isiyo ya gulio, si saa kumi jioni kama ilivyo desturi, kwa maana saa kumi jioni wanawake wako kwenye majani ya ng'ombe, na jambo hili litaamuliwa na sisi tuliobaki kibarazani.